Mstari unapogusa mpindo, diskriminanti inapima nini?

"Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano. Kila swali linaposema mstari 'unagusa' mpindo, nafanya kama tulivyofundishwa: naunganisha milinganyo miwili iwe mmoja, naandika b² − 4ac = 0, napata kinachotafutwa. Vema napigiwa, ila sielewi ninachofanya. Kwa nini iwe sifuri? Halafu juzi tulipewa duara x² + y² = 25 na nukta (5, 7), tutafute mistari yote inayopita kwenye nukta hiyo na kuligusa duara. Nikapata mmoja tu. Majibu ya nyuma ya kitabu yana miwili. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Nianze na hilo linalokukera: hesabu yako haina kosa. Naamini mstari uliopata una mteremko wa 12/35, nao ni sahihi. Hata ukirudia mara kumi utapata huohuo. Tatizo liliingia kabla hujaanza kukokotoa, pale ulipoandika y = mx + c. Nitafika huko, lakini hutaliona vizuri mpaka tulijibu kwanza lile swali lako jingine, ambalo kwangu ndilo zito: kwa nini sifuri?

Kanuni tuiweke pembeni kwa muda. Chora y = x², ile parabola iliyokaa kama bakuli, kisha laza rula kufuata mstari y = 10x − 21. Mstari na mpindo vinakutana pale ambapo y zao zinalingana, yaani x² = 10x − 21, au x² − 10x + 21 = 0. Vigawo vyake ni (x − 3)(x − 7). Kwa hiyo vinakutana mara mbili, kwenye (3, 9) na (7, 49). Hadi hapa unajua yote. Ninachotaka ushike ni kwamba hizo 3 na 7 ni mahali kwenye karatasi yako. Ukiweka kidole juu ya 3 kwenye mhimili wa x na kupanda wima, utakuta rula inaukata mpindo hapohapo. Wanafunzi wengi hutatua mlinganyo wa kipeo cha pili miaka mitatu bila kuweka kidole kwenye karatasi hata mara moja, na hapo ndipo kanuni inapogeuka kuwa dua ya kukariri.

Sasa isogeze rula chini polepole bila kubadili mteremko wake. Mstari unakuwa y = 10x − c, na c inaongezeka. Ukifika c = 24, vinakutana kwenye x = 4 na x = 6. Ukifika c = 24.75, ni 4.5 na 5.5. Ukifika c = 24.99, ni 4.9 na 5.1. Nukta mbili zinasogeleana, kila moja ikitoka upande wake kuelekea 5. Ukifika c = 25, mlinganyo unakuwa x² − 10x + 25 = 0, yaani (x − 5)² = 0: nukta mbili zimekuwa moja, na rula imeegemea ubavu wa bakuli kwa nje, kwenye (5, 25). Ukiteremka zaidi, tuseme c = 26, rula imeachana na bakuli kabisa.

Chukua kalamu uandike umbali wa x kati ya zile nukta mbili kwa kila hatua: 4, 2, 1, 0.2, 0. Chini yake andika b² − 4ac, ile inayoitwa diskriminanti, ambayo hapa ni 100 − 4c: 16, 4, 1, 0.04, 0. Kila namba ya safu ya chini ni mraba wa namba iliyo juu yake.

Hilo halikutokea kwa bahati. Kanuni ya majawabu ya ax² + bx + c = 0 inasema x ni −b jumlisha au toa √(b² − 4ac), yote kwa 2a. Jawabu moja linatumia "jumlisha" na jingine "toa", kwa hiyo ukitoa dogo kutoka kubwa, −b zinafutana na kinachobaki ni √(b² − 4ac) kugawanya kwa a. Diskriminanti, basi, ni mraba wa umbali wa x kati ya nukta mbili za kukutana, uliozidishwa kwa a² tu. Ukiandika b² − 4ac = 0 unatoa amri kwamba umbali huo uwe sifuri. Ikitoka chanya, nukta ni mbili na zimeachana. Ikitoka hasi, hakuna umbali kwenye namba halisi ambao mraba wake ni hasi, na ndiyo maana mstari umepita pembeni.

Kwa hiyo nikikuambia neno "kugusa" kwa lugha ya aljebra, nitasema hivi: mstari unagusa mpindo unapokutana nao mara mbili mahali palepale. Usilipunguze kuwa "kukutana mara moja". Tofauti ya maneno haya mawili inaonekana ndogo, lakini baadhi ya makosa nitakayokuonyesha huko chini yanatokea hapo.

Ule mfano wetu wa kwanza, wenye namba 21, sikuutunga mimi. Ni wa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, wakati wa Khalifa al-Ma'mun, kitabu ambacho kwenye jina lake ndimo lilimotoka neno aljebra. Hakuwa na herufi x wala alama ya sawasawa. Aliandika kwa maneno matupu. Kwa mlinganyo tunaouandika leo x² + 21 = 10x, anaelekeza ugawe ile 10 nusu, upate 5; uizidishe kwa yenyewe, 25; utoe 21, ibaki 4; kipeuo chake ni 2; ukiitoa kwenye 5 unapata 3, ukiijumlisha unapata 7. Halafu anaongeza onyo ambalo kila nikilisoma hunifurahisha: ile 25 ikiwa ndogo kuliko namba unayotaka kuitoa, swali haliwezekani, na zikilingana, jawabu ni ile nusu yenyewe, bila kujumlisha wala kutoa. Hiyo ndiyo diskriminanti kamili, na hali zake zote tatu, miaka elfu moja kabla ya kupewa jina. Jina lilikuja mwaka 1851 kutoka kwa Mwingereza James Joseph Sylvester. Katikati yao yupo Mfaransa René Descartes, ambaye mwaka 1637 alionyesha namna ya kupata duara linalogusa mpindo kwa kulazimisha mlinganyo uwe na majawabu mawili yanayolingana. Wazo ni lile unalolitumia wewe darasani.

Lakini unaweza kunibishia, na ningependa unibishie: sawa, nukta zimekuwa moja, ila nani kasema mstari hapo umelala sambamba na mpindo? Kwa nini usiwe umeutoboa tu?

Angalia nafasi iliyopo kati ya mpindo na mstari, yaani y ya mpindo toa y ya mstari. Kwa mstari unaokata, y = 10x − 21, nafasi hiyo ni (x − 3)(x − 7). Kwenye x = 2.9 mpindo uko 8.41 na mstari uko 8, mpindo uko juu kwa 0.41. Kwenye x = 3.1 mpindo uko 9.61 na mstari uko 10, mpindo umeshuka chini kwa 0.39. Umevukwa. Kwa mstari unaogusa, y = 10x − 25, nafasi ni (x − 5)², na mraba hauwi hasi. Kwa hiyo mpindo haushuki chini ya mstari upande wowote. Tena angalia jinsi zilivyobanana: kwenye x = 5.1 mpindo ni 26.01 na mstari ni 26, nafasi ni 0.01. Sogea karibu zaidi, x = 5.01, nafasi ni 0.0001. Ukisogea karibu mara kumi, nafasi inapungua mara mia. Mistari miwili yenye miteremko tofauti haiwezi kubanana namna hiyo. Ukisogea karibu mara kumi, nafasi kati yake hupungua mara kumi tu. Kinachobanana kwa mara mia lazima kiwe na mteremko uleule mahali pale. Utakapofika kwenye kalkulasi utapata mteremko wa x² kwenye x = 5 kuwa 10, sawasawa na wa mstari wetu, na hutashangaa.

Tuje kwenye duara lako. Weka y = mx + c ndani ya x² + y² = 25, fungua mabano, panga: (1 + m²)x² + 2mcx + (c² − 25) = 0. Diskriminanti yake, baada ya vitu kufutana, ni 4[25(1 + m²) − c²]. Kwa hiyo mstari unagusa duara pale c² = 25(1 + m²). Usiikariri hii. Iangalie kwa jicho la jiometri: kipeuo cha pili kinatoa |c| kugawanya kwa √(1 + m²) ni 5, na upande wa kushoto ni umbali mfupi kabisa kutoka kitovu (0, 0) hadi kwenye mstari. Aljebra imekuambia kile ambacho ungekisema kwa macho: mstari unagusa duara ukiwa mbali na kitovu kwa urefu wa nusu kipenyo. Ninapopata jibu moja kwa njia mbili ambazo hazijuani, ndipo ninapoliamini.

Jaribu na m = 3/4. Unapata c² = 25 × 25/16, c ni 25/4 au −25/4. Chukua 25/4. Mahali pa kugusa huhitaji kutatua mlinganyo tena: majawabu yakishakuwa moja, x ni −b/2a tu, ile "nusu" ya al-Khwarizmi. Hapa ni −mc/(1 + m²) = −3, na y = 4. Nukta (−3, 4), ambayo kweli iko kwenye duara, maana 9 + 16 = 25. Ukaguzi huu unachukua sekunde kumi, na umeokoa alama za wanafunzi wangu wengi.

Sasa nukta (5, 7). Mstari unapita hapo, kwa hiyo c = 7 − 5m. Sharti linakuwa (7 − 5m)² = 25(1 + m²), yaani 49 − 70m + 25m² = 25 + 25m². Simama hapo. m² za pande zote mbili ni 25, zinafutana, unabaki na 70m = 24, m = 12/35. Ulitarajia mlinganyo wa kipeo cha pili wenye m mbili, ukapata wa kipeo cha kwanza wenye moja. Wengi wakifika hapa wanashukuru kwamba kazi imekuwa rahisi. Shukrani iwe ya baadaye. Kwanza jiulize m ya pili imekwenda wapi.

Isogeze nukta kidogo kulia uone. Ukianzia (5.1, 7), sharti ni 1.01m² − 71.4m + 24 = 0, na majawabu ni takriban 0.34 na 70.4. Mistari ni miwili, mmoja umelala, mwingine umesimama karibu wima. Ukianzia (5.01, 7), ile ya pili inapanda hadi takriban 700. Kadiri nukta inavyokaribia (5, 7), mstari wa pili unazidi kusimama, na ukifika pale unakuwa wima kabisa: x = 5. Unaligusa duara kwenye (5, 0). Ukichora utauona mara moja. Lakini mstari wima hauna mteremko, na y = mx + c haiwezi kuuandika hata ukipewa m zote duniani. Uliufungia mlango tangu mstari wa kwanza wa kazi yako.

Njia moja ya kuukamata ni kugeuza: andika x = ny + d. Ukipita (5, 7), d = 5 − 7n, na kwa kuwa duara halibagui x na y, sharti ni d² = 25(1 + n²). Unapata 25 − 70n + 49n² = 25 + 25n², yaani 24n² − 70n = 0, kwa hiyo n = 0 au n = 35/12. Ile n = 0 ndiyo x = 5. Ile 35/12 ndiyo mstari wako wa 12/35 ulioandikwa upande wa pili. Kwenye mtihani huhitaji kufanya yote haya. Inatosha kuwa na desturi: kabla hujaandika y = mx + c, uliza kama mstari wima unaweza kuwa miongoni mwa majibu, na m² ikitoweka, ichukulie kama hodi mlangoni.

Kuna mtego ambao ni ndugu wa huo, nao unawanasa hata wanaojua sana. Chukua mpindo y = 1/x na mstari y = mx + 2. Ukiunganisha unapata mx² + 2x − 1 = 0. Diskriminanti ni 4 + 4m, na sifuri inatoa m = −1; mstari y = −x + 2 unagusa mpindo kwenye (1, 1). Vizuri. Sasa swali likikuuliza "mstari unakutana na mpindo kwenye nukta moja tu kwa m ipi?", jibu la −1 peke yake halijakamilika. Ukiweka m = 0, mlinganyo si wa kipeo cha pili tena; ni 2x − 1 = 0, wenye jawabu moja, x = 1/2. Mstari wa kulala y = 2 unakutana na mpindo mara moja na unaukata wazi, haugusi. Ni hivyohivyo kwa y² = 4x na mstari wowote wa kulala, au y = x² na mstari wowote wa wima. Diskriminanti ina maana pale tu ambapo namba inayozidisha x² si sifuri. Kama namba hiyo ina herufi ndani yake, sifuri yake ishughulikie peke yake kabla ya yote.

Kwa hiyo "nukta moja" bila kugusa ipo. Na kugusa pamoja na nukta mbili je? Nako kupo. Chukua y = x³ na mstari y = 3x − 2. Unapata x³ − 3x + 2 = 0, ambayo vigawo vyake ni (x − 1)²(x + 2). Mstari unagusa mpindo kwenye (1, 1), halafu unakwenda zake na kuukata kwenye (−2, −8). Wagiriki wa kale, akina Euclid, walisema mstari unaogusa duara ni ule unaokutana nalo na hata ukirefushwa haulikati. Kwa duara maneno hayo yanatosha. Kwa mpindo huu hayatoshi, maana mstari wetu ukirefushwa unaukata. Kinachobaki kweli kote ni lile jawabu linalojirudia, ule mraba wa (x − 1).

Hapo b² − 4ac haikusaidii, kwa kuwa mlinganyo ni wa kipeo cha tatu. Diskriminanti yenyewe haijafa, imebadilika sura: kwa x³ + px + q ni −4p³ − 27q². Weka p = −3 na q = 2: 108 − 108 = 0. Nakuonyesha ili ujue kwamba wazo ni kubwa kuliko kanuni uliyopewa. Kwa mitihani yako ya sasa, mpindo wa namna hii utautendea kwa kalkulasi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu maneno ya swali. "Unagusa" ni sifuri. "Unakata mara mbili" ni kubwa kuliko sifuri. "Unakutana" peke yake ni kubwa au sawa na sifuri, kwa sababu kugusa nako ni kukutana. Kwa mstari y = mx − 9 na parabola y = x², diskriminanti ni m² − 36. Kukata mara mbili ni m kubwa kuliko 6 au m ndogo kuliko −6. Nimeona mara nyingi imeandikwa "m > ±6", na maneno hayo hayana maana yoyote. Chora grafu ndogo ya m² − 36, tia alama −6 na 6, tazama iko juu ya mhimili wapi.

Ukitaka kujipima, chukua y² = 4x na utafute mistari yote inayopita kwenye (0, 3) na kuigusa. Hesabu itakupa m = 1/3. Wa pili unajua pa kuutafuta, na ukiupata, uingize ndani ya y² = 4x uone kama jawabu la y kweli linajirudia.